Jengo Lililovaa Magunia

Siku hizi kuna watu wanaokuja Moshi kutazama jengo. Si mlima, jengo. Wanasimama ng'ambo ya barabara na kamera zao, wanainua vichwa, wanaambiana kwamba lilichorwa na msanifu mkubwa, mtu ambaye majengo yake yako nchi nyingi na wanafunzi wanayasoma vitabuni. Mjukuu wangu mmoja aliwahi kunisomea habari hizo akidhani nitafurahi. Nilimwambia afunge kitabu chake aende akamenye ndizi. Nilijua jengo lile kabla halijapigwa picha hata moja, na mimi ndiye niliyelifanya livae magunia mbele za watu. Sikwenda kwa mganga wala sikutupa jiwe. Nilitumia mdomo huuhuu ninaosemea sasa, na anayesubiri niseme namwonea huruma yule msimamizi wa jengo, atasubiri sana.

Kabla ya jengo hilo palikuwa na duka refu la bati lenye baraza la saruji kwa mbele. Mafundi cherehani wanne walikuwa wakishonea pale, na wa kwanza wao alikuwa mume wangu. Mji mzima ulimwita Fundi, nami nikamwita hivyohivyo mpaka nikazoea. Alikuwa mzaliwa wa mjini. Baba yake alipanda na mizigo ya Wajerumani kutoka Pangani, mama yake alikuwa Mpare, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Moshi tu, mswalihina, mpole kupita kiasi. Mimi ni wa Machame, mtoto wa Walutheri, nimelelewa kwenye kihamba kati ya migomba, kahawa na ng'ombe wa kufungiwa bandani. Niliposilimu ili anioe, mama yangu aliapa hatakunywa hata maji nyumbani kwangu. Alikaza miaka miwili, halafu siku moja akashuka na mkungu wa ndizi kichwani, akala, akaomba aongezewe.

Macho ya Fundi hayakuwa mazuri. Jicho la kushoto lilikuwa limeingia mtoto wa jicho, la kulia lilikuwa linaanza, na hospitali walimwambia angoje mpaka likomae ndipo wakate. Lakini kushona alishona, tena vizuri kuliko wenzake wenye macho mawili, mradi mwanga uwe sawa. Penye giza hakuona uzi. Penye mwanga mkali kitambaa kizima kiligeuka cheupe mbele yake. Baraza lile lilitazama mashariki. Jua la asubuhi liliingia kidogo, wao wakajibanza nyuma ya nguzo, na ilipofika saa nne jua lilikuwa limeshapanda juu ya bati, na kutoka hapo hadi jioni palikuwa na mwanga safi, mtulivu, usioumiza. Kila mwezi walisogeza vyerehani hatua moja au mbili kuufuata mwanga huo. Kwa miaka mingi miguu ya vyuma ilikuwa imechora mistari sakafuni, mstari kando ya mstari. Fundi alijua kila mstari ni wa mwezi gani, na alikuwa akiweka cherehani chake bila kupapasa.

Kazi yangu mimi ilikuwa matundu ya vifungo na pindo. Kila mchana nilimpelekea chakula, machalari au kiburu, nikangoja ale, nikarudi nyumbani na mashati ya kumalizia. Tuliishi hivyo na hatukuwa na shida na mtu.

Halafu kahawa ikapanda bei. Watu wa milimani wakashuka na fedha, mji ukachangamka, na tajiri mwenye kiwanja kile akataka jengo jipya, maduka mengi ndani ya nyumba moja, chini na ghorofani, yenye vioo. Tajiri mwenyewe aliishi mbali. Mambo yake yote yalikuwa mikononi mwa msimamizi, mtu wa kofia na fungu la funguo kiunoni, asiyekutazama usoni unapozungumza naye. Msimamizi huyo aliwaita mafundi wote wanne, akawaambia wakae pembeni mwaka mmoja na nusu, kisha watarudi palepale walipokuwa, kwenye baraza pana zaidi. Alisema kwa kinywa chake. Fundi alirudi nyumbani akala mara mbili. Nikamuuliza kama wameandikiana. Akanicheka, akaniambia ahadi ni deni, na mtu mzima hasemi uongo mbele ya watu wanne.

Msanifu alikuja mwezi wa saba. Anayejua Moshi anajua miezi hiyo ilivyo. Ni kipupwe. Wingu linaketi juu ya mji tangu alfajiri, mlima hauonekani, na siku tatu nne zinaweza kupita bila mtu kukiona kivuli chake. Alikaa siku tatu tu. Alikuwa mtu mwembamba, mikono ya shati imekunjwa, penseli sikioni, na siwezi kumsingizia, adabu alikuwa nayo. Alimsalimia kila fundi kwa mkono. Pamoja naye alikuwa karani wa msimamizi, mtu wa makamo, wa kwetu Machame, ambaye alimfasiria.

Siku ya pili nilifika na chakula nikakuta Fundi ameondoka na lori kwenda Bomang'ombe kuwapima matarishi wa ofisi sare zao. Wenzake watatu walikuwa wamekwenda kuswali. Nikaketi kwenye benchi kumngoja. Msanifu alikuwa ametandaza ramani sakafuni, ameigandamiza pembeni kwa pasi yetu ya mkaa, anachora akiwa amepiga magoti. Nikamwuliza karani kwa Kichagga anionyeshe mafundi watakaa wapi. Akababaika. Nikamsisitiza. Akanionyesha kwa kidole: mashariki na magharibi, zilipo barabara, ni kioo kutoka chini hadi juu, mlango, na ngazi tatu. Baraza hakuna. Nikamwuliza, na mafundi? Kidole kikazunguka ubavuni mwa nyumba, kikasimama kwenye uchochoro kati ya ukuta wa ghala na vyoo. Hakukuwa na dirisha.

Karani akaniambia kwa sauti ya chini kwamba msimamizi ndiye aliyeagiza hivyo tangu mwanzo. Alisema mafundi wanaleta kelele na vipande vya nguo, na wake za wakubwa hawapendi kuruka takataka wakiingia dukani. Tangu mwanzo. Yaani siku ile anawaita, anawaahidi baraza pana, tayari alikwishawatupa chooni. Nilihisi damu imenipanda mpaka masikioni. Katika uchochoro ule Fundi angekuwa mtu aliyeketi mbele ya cherehani asichokiona. Mwezi mmoja tu, na mji ungesema amezeeka, hafai tena.

Nikiwa katika hali hiyo, msanifu akainua kichwa, akaiona mistari sakafuni. Akaipapasa kwa kidole, akauliza ni nini. Karani akamweleza kuwa mafundi huhamisha vyerehani kufuata mwanga. Lo, alifurahi yule mtu! Akasema mambo mengi, na karani akanigeukia. Alitaka kujua habari za jua, na alitaka aambiwe na watu wanaokaa pale. Atajenga ukuta wa kioo kwa ajili ya duka la vitambaa. Upande mmoja wa jengo ataweka vibapa virefu vya zege vya kukinga jua, lakini tajiri amekubali upande mmoja tu. Aweke mashariki au magharibi? Akaonyesha juu kwa penseli, kwenye wingu la kijivu, akauliza kama alasiri huwa hivi siku zote.

Nilitazama juu pamoja naye. Hakuna mtu wa Moshi asiyejua kwamba kuanzia mwezi wa tisa mpaka masika, saa tisa alasiri, upande wa magharibi wa mtaa ule hata mbwa hapiti. Wanawake walikuwa wakianika mahindi pale kwa siku moja yakakauka.

"Mwambie alasiri wingu la mlima linashuka na kufunika mji, mwaka mzima," nikasema. "Upande wa machweo hakuna jua la kusumbua mtu. Linaloua ni la asubuhi."

Karani alinitazama. Mtu wa kwetu, alijua vizuri kama mimi. Lakini naye alikuwa na yake na msimamizi, aliyezoea kumwita kwa kupiga makofi mbele ya wateja. Akafasiri neno kwa neno. Msanifu akaandika kwenye kijitabu chake, akanishukuru kwa kuweka mkono kifuani. Kisha akainama, akavichora vile vibapa palepale nikiona, upande wa mashariki. Mwanachuoni wa majengo! Alikuwa na kila kipimo isipokuwa mwezi wa kumi wa Moshi. Karani hakumwambia mtu maisha yake yote.

Fundi aliporudi nilimweleza habari ya uchochoro. Akanawa, akasema mwenye nguvu mpishe. Habari ya jua sikumwambia. Ilikuwa yangu peke yangu na nilikuwa nikiilea.

Walivunja duka la bati. Fundi akashonea nyumbani, chini ya upenu, kwa mwanga wa kubahatisha, na wateja wakapungua. Jengo likapanda. Lilikuwa jeupe, paa limelala bapa, ngazi ya ndani imejipinda kwenda juu bila nguzo, na upande wa mashariki vile vibapa vimepangana wima mbele ya ukuta usiovihitaji kuanzia saa nne. Lilikuwa zuri, sisemi uongo. Upande wa magharibi ulikuwa kioo kitupu. Siku ya kufungua bendi ya polisi ilipiga, mkuu wa wilaya akakata utepe, na msimamizi akavaa suti. Kesho yake akawaonyesha mafundi uchochoro wao.

Fundi alikwenda. Ndivyo alivyokuwa, ukimwambia kaa hapa, anakaa hapa. Hakumaliza wiki mbili. Alishona mkono wa kushoto upande wa kulia kwenye koti la mwalimu mmoja, mwalimu akalivaa mbele ya watu, wakacheka. Mchana huo nilimwona anakuja njiani amebeba kichwa cha cherehani begani, kitambaa cha watu kwapani, anatembea polepole kwa sababu ya mawe. Nilimpokea mzigo. Nikaingia jikoni nikalia kwa hasira, nikamwambia Mungu anipe uhai nifike mwezi wa tisa.

Alinipa. Wingu likainuka, mlima ukatoka mweupe kabisa, na jua likashuka upande wa machweo kama lilivyoshuka kila mwaka. Duka la vitambaa lilikuwa limepanga majora yake nyuma ya kioo: sufu za suti, satini, hariri za maharusi. Ilipofika saa tisa kioo kiliwaka na wauzaji walijipepea kwa makatoni. Baada ya wiki chache mikunjo ya mbele ikaanza kupauka. Bwana mmoja alishuka kutoka Sanya Juu akanunua kitambaa cha suti cha harusi ya mwanawe, bluu iliyokoza. Alipofika nyumbani akakikunjua, akakuta mstari wa kijivu umepita katikati toka mwanzo hadi mwisho. Alirudi na lori la asubuhi, na maneno aliyosema mle dukani yalisikika mpaka stesheni. Duka la pili lilikuwa la santuri. Zile sahani zilijikunja zote, hata moja haikuweza kuzunguka.

Msimamizi alibandika magazeti kwenye vioo. Yakageuka manjano, yakadondoka. Mwishowe alichukua magunia ya kahawa akayatundika ndani na nje, mfululizo, kutoka juu hadi chini, na maandishi yake meusi ya mhuri. Jengo la msanifu mkubwa, lililofunguliwa kwa bendi, likavaa magunia kama mtu aliyeibiwa nguo mtoni.

Nami nilikwenda kulitazama kila alasiri. Najua haipendezi kusema hivyo. Nilioga, nikavaa khanga safi, nikanunua karanga, nikasimama ng'ambo ya barabara nikizitafuna moja moja. Nilishiba kwa macho. Siku moja msimamizi alitoka nje anajifuta jasho, shati limemganda mgongoni, akaniona, akanisalimia kwa taabu. Nikamjibu kwa sauti tamu kabisa, "Pole na jua." Akasema asante. Nilirudi nyumbani nikicheka njia nzima, na Fundi akaniuliza nimekunywa mbege wapi.

Ningeishia hapo, hadithi ingekuwa nzuri. Lakini wiki moja baadaye msimamizi alikuja nyumbani kwetu, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza akatutazama usoni. Alitaka maturubai manane makubwa ya kufunga kwenye vyuma upande wa magharibi, ili yatoe kivuli. Mjini pote aliyejua kushona turubai kwa mkono alikuwa Fundi peke yake, kwa sababu wakati wa vita alishona mahema ya jeshi. Kabla Fundi hajafungua mdomo nilisema yeye ni mgonjwa, na mgeni ajue njia ya kutokea. Nilitaka mgeni huyo aokwe mle ndani ya jengo lake mpaka kiama. Fundi akaniomba nilete chai. Akamwambia msimamizi kwamba turubai halihitaji macho, ni kazi ya vidole, sindano nene na uzi wa nta, ataweza. Alifurahi jamani. Alikuwa ameketi miezi mingi bila mtu kumhitaji.

Lakini kazi ilibidi ifanyikie palepale, maana kila turubai lilipimwa na kukatwa juu ya chuma chake. Kwa hiyo alasiri Fundi aliketi upande wa magharibi, jua usoni, kioo nyuma yake kikirudisha jua lilelile, na mapajani mwake turubai jeupe. Jua lile nililomtayarishia adui yangu. Siku ya tatu alirudi macho yamekuwa mekundu, machozi yanamtiririka bila kulia. Nilimwosha kwa maji ya baridi nikamwambia asirudi. Akasema kazi imeanza, na macho yakizidi ataacha, ameshamwambia msimamizi hivyo. Siku ya tano alikuja akishika kuta.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga mkubwa kuliko wote wa maisha yangu, na nilifanya kwa mapenzi. Niliona nikimwambia ukweli ataelewa kwamba anamshonea kivuli mtu aliyetutupa chooni, kwamba lile joto ni adhabu ya haki, na ataacha kesho asubuhi. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na kitambaa chenye maji machoni. Nikamweleza yote, ramani, uchochoro, mistari, swali la msanifu, na jibu langu. Nilieleza kwa kujisifu kidogo, nakiri.

Hakuondoa kitambaa.

"Yule mgeni alikuuliza ukiwa kwenye benchi letu?" akasema.

Nikasema ndiyo.

"Akakuamini."

Nikasema ndiyo, akaniamini, na vipi sisi, hatukuamini?

"Basi kazi ile ni yangu," akasema. "Nitaimaliza yote, na sitapokea malipo."

Nilipiga kelele. Nilimwambia ni mwendawazimu, nilimshika miguu, nilimtishia kurudi Machame. Maji yakimwagika hayazoleki. Kama ningefunga domo langu, macho yenyewe yangemtoa pale baada ya siku mbili, kwa heshima yake na bila lawama. Mimi ndiye niliyemfunga kwenye kile kiti. Alikwenda kila siku mwezi mzima, turubai baada ya turubai. Nilimpelekea chakula nikasimama mbele yake ili nimkinge jua kwa mwili wangu, naye akaniomba kwa upole nisimzuie mwanga. La nane alilimaliza kwa kupapasa, na fundi mwenzake akamleta nyumbani kwa kumshika mkono. Hospitali walimkata jicho la kushoto. Likamwonyesha dirisha na mlango, basi. La kulia lilikufa. Hakutunga tena uzi kwenye sindano.

Na yule msimamizi, mnajua alisema nini? Niliyasikia sokoni kwa masikio yangu. Alisema fundi yule hakutaka malipo kwa sababu anakumbuka wema aliotendewa. Wema! Maturubai yaliposimama magunia yakashushwa, vioo vikasuguliwa, jengo likawa zuri tena. Kilichoniua zaidi ni kwamba kivuli kile kilikuwa kipana na mwanga wake mtulivu. Wale mafundi watatu wakaanza kusogeza vyerehani vyao chini yake, mmoja mmoja, na msimamizi hakuwafukuza, kwa kuwa wateja walipenda kushonewa hapohapo waliponunua. Wenzake Fundi wote walipata baraza. Yeye aliyelishona alikuwa nyumbani, ameketi kwenye kigoda, mikono mitupu.

Fundi hakunigombeza hata siku moja. Alikula nilichopika, alinishukuru, alinifundisha kukata nguo kwa kuongoza mikono yangu, nikawa mshonaji wa kutegemewa, tukaishi. Lakini aliacha kuniuliza mambo. Alitaka kujua kama mvua inakuja, aliita jirani. Alitaka kujua kanzu yake ni safi, alimwuliza mpita njia, nami niko hapo pembeni naona kanzu. Niliona mara ya kwanza, nikadhani ni bahati. Nilipoona mara ya kumi nikajua. Neno langu lilikuwa limeisha thamani kwake. Afadhali angenipiga, nami si mwanamke wa kupigwa.

Nilipanda Machame kwa mama. Kwetu mtu akimkosea mwenzake huchukua jani la isale, mmea tunaopanda mipakani mwa vihamba, akalipiga fundo, akampelekea. Aliyepelekewa jani hilo hawezi kukataa, hata kama damu ilimwagika. Mama alilikata mwenyewe, akalifunga, akaniambia ni jani zuri, limetoka kwenye kaburi la bibi. Nikashuka nalo kikapuni. Mimi sijawahi kuomba radhi kwa mtu, hata mwalimu wa kipaimara alishindwa nami. Siku ile nilipiga magoti uani, nikaliweka mikononi mwa mume wangu.

Alilipapasa ukingo hadi ukingo, kama alivyokuwa akipima kitambaa, akafika kwenye fundo, akauliza ni nini. Nikamweleza. Nikasema nisamehe.

"Kwenu halikataliwi?"

"Halikataliwi."

"Mimi si wa kwenu," akasema, akanirudishia. "Kwanza mpelekee msimamizi, umwambie ulichofanya. Ukirudi nitapokea langu, na maneno yatakwisha."

Nilikwenda. Watu wajue kwamba nilikwenda. Nilijifunga khanga, nikaficha jani ndani yake, nikafika chini ya turubai la kwanza. Alikuwa amesimama mlangoni na funguo zake, anacheka na mteja, kivuli kilichogharimu macho ya mume wangu kimemwangukia begani. Akaniona, akauliza mzee anaendeleaje. Nilikuwa nimelishika lile fundo. Nikakumbuka uchochoro. Nikasema tunamshukuru Mungu, nikageuka.

Fundi alinisikia naingia, akaniuliza kama nimempa. Lilikuwa swali lake la kwanza kwangu tangu siku ya kitambaa chenye maji. Ningeweza kusema nimempa na asingejua kamwe. Nikasema, "Sijampa." Akatikisa kichwa, akasema basi utampa kesho.

Kesho haikufika. Nilipanga, nikavaa, nikafika kwenye kona ya mtaa, moyo ukakataa, nikarudi. Jani lilikauka, mama akanikatia jingine, nalo likakauka. Kila baada ya miezi Fundi aliniuliza, kwa sauti ileile, bila kunisukuma, nami nikajibu kweli ileile. Miaka ikaenda. Kifua kikambana wakati wa kipupwe, akalala siku sita, ya saba akafa. Alfajiri ya siku hiyo aliniuliza tena.

Msimamizi alikuja mazishini. Alikuwa amezeeka, amevua kofia, akaja moja kwa moja mpaka mlangoni nilipokuwa, akasema fundi alikuwa mtu mwema sana kwake. Macho yake yalikuwa na machozi, ya kweli. Jani lilikuwa ndani, nyuma ya mlango, bichi, nimeletewa na mama siku hiyohiyo bila kumwomba. Hatua tatu tu. Watu walikuwa wanangoja nimjibu. Nikamwambia wanaume wanakaa upande ule, nikafunga mlango.